Kutoka fumbo hadi mlinganyo: somo la "kitu"



Ningependa katika ukurasa wetu wa masomo tuzungumze juu ya jambo linalowaangusha wengi mwaka wa kwanza, na wengine kati yao si wavivu hata kidogo. Ni hesabu za mafumbo. Nazo ni zile ambazo swali haliji na x wala y, bali linakuja na mfanyabiashara, basi, shamba, au marehemu na warithi wake, na wewe ndiwe unayetakiwa kuyageuza maneno hayo yawe mlinganyo kabla hujaanza kukokotoa chochote.

Katika masomo ya jioni ninayosaidia baada ya swala ya Alasiri, nikiandika ubaoni 3x + 700 = 2,200, darasa zima linajibu 500 kabla sijaiweka chaki chini. Nikisema, "Hawa alinunua madaftari matatu na kalamu moja ya faranga 700, akalipa jumla ya faranga 2,200, je daftari moja ni bei gani?" wanakaa kimya, wanatazamana. Hesabu ni ile ile. Kilichopungua hapo si hisabati, ni tafsiri. Na anayesoma uchumi, kilimo au takwimu hapa Bujumbura anajua gharama yake: somo moja la mwaka wa kwanza likikushinda, unakwenda mtihani wa marudio, na marudio yakikushinda unarudia mwaka mzima huku mzee nyumbani anatafuta ada mara ya pili.

Sasa, sisi Waislamu tuna sababu ya ziada ya kutoyaogopa mafumbo haya, kwa kuwa aljebra yenyewe ilizaliwa humo. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake, Al-Kitab al-Mukhtasar fi Hisab al-Jabr wal-Muqabala, mjini Baghdad yapata mwaka 820, zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Katika utangulizi anaeleza kwa nini amekiandika: kwa ajili ya yale watu wanayoyahitaji katika mirathi, wasia, kugawana mali, mashauri ya kudaiana, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Sehemu kubwa sana ya kitabu hicho ni mlango wa wasia na mirathi. Mwaka 1145 kitabu kilitafsiriwa kwa Kilatini huko Hispania, na neno al-jabr likabaki hivyo hivyo katika lugha za Ulaya. Hata neno algorithimu wanalolitumia ndugu zetu wa kompyuta limetokana na jina lake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba al-Khwarizmi hakutumia herufi hata moja kama x. Kila kitu alikiandika kwa maneno. Namba asiyoijua aliiita shay', yaani "kitu". Swali lilikuwa maneno, mlinganyo ulikuwa maneno, na jibu likawa maneno. Mimi nimeichukua njia hiyo kama ilivyo na kuifundishia, kwani Kiswahili chetu kinaibeba vizuri mno. Tazama hata majina ya mafungu: nusu, theluthi, robo, sudusi, thumuni. Mama zetu sokoni wanayatamka bila kujua kwamba ndiyo yale yale ya elimu ya mirathi.

Njia yenyewe ni hii. Kabla ya kuandika herufi, lisimulie swali upya kwa sauti, na kila palipo na namba usiyoijua sema "kitu". Ukishindwa kulisimulia, bado hujalielewa, na x haitakusaidia.

Tuchukue mfano wa ndagala. Mama mmoja pale Ruvumera alinunua kilo kadhaa za ndagala kwa faranga 20,000 kila kilo. Kilo 3 zilipata unyevu zikaharibika. Zilizobaki aliziuza kwa faranga 26,000 kila kilo, na mwisho akapata faida ya faranga 42,000. Alinunua kilo ngapi? (Bei nimezitunga mimi, wenye biashara msinicheke.)

Tusimulie. Kitu ni idadi ya kilo alizonunua. Alichotoa mfukoni ni 20,000 mara kitu. Kilo alizouza ni kitu kasoro tatu. Alichopokea ni 26,000 mara hicho kitu kasoro tatu. Alichopokea, ukiondoa alichotoa, ni 42,000. Basi, umekwisha kuandika mlinganyo bila kujua:

26,000(x − 3) − 20,000x = 42,000

Fungua mabano: 26,000x − 78,000 − 20,000x = 42,000, yaani 6,000x − 78,000 = 42,000. Hapa ndipo al-jabr inapoingia. Maana ya asili ya neno hilo ni kuunga, kama mganga anavyounga mfupa uliovunjika. Upande wa kushoto una upungufu wa 78,000. Unauunga kwa kuurudishia 78,000, na kwa haki unaongeza kiasi hicho hicho upande wa kulia. Inakuwa 6,000x = 120,000, basi x = 20. Hakiki: alitoa 400,000, aliuza kilo 17 kwa 26,000 akapata 442,000, faida 42,000. Sawa.

Hapo naomba msome tena mstari mmoja: "Kitu ni idadi ya kilo alizonunua." Sikusema "kitu ni ndagala". Kosa kubwa kuliko yote katika mafumbo liko hapo, nalo lina historia. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya swali dogo walilowapa wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza: andika mlinganyo wa kusema kwamba katika chuo hiki wanafunzi ni mara sita ya maprofesa. Zaidi ya theluthi moja walikosea, na wengi wa waliokosea waliandika 6W = P. Hao ni wahandisi watarajiwa!

Kwa nini? Kwa sababu mtu anaisoma 6W kama "wanafunzi sita" na P kama "profesa mmoja", na alama ya sawasawa anaifanya "kwa kila". Anachora picha, haandiki mlinganyo. Lakini W si mwanafunzi. W ni namba. Weka maprofesa 10: wanafunzi wawe 60. Je, 6 mara 60 ni 10? Haiwezekani. Mlinganyo sahihi ni W = 6P, kwani walio wachache ndio unaowazidisha ili wafikie walio wengi. Kwa hiyo katika darasa langu hakuna ruhusa ya kuandika "m = machungwa". Andika "m = bei ya chungwa moja kwa faranga" au "m = idadi ya machungwa". Ni maneno manne tu, yanaokoa alama nyingi.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Ukisikia "Zaynabu ana faranga 2,000 zaidi ya Fatuma", mkono unataka kuandika Z + 2,000 = F kwa vile maneno yamekuja kwa mpangilio huo. Jiulize kwanza nani mwenye nyingi. Ni Zaynabu; basi Fatuma ndiye anayeongezewa ili walingane: Z = F + 2,000. Pia "amemzidi kwa tatu" si "amemzidi mara tatu"; ya kwanza ni kujumlisha, ya pili ni kuzidisha. Na "toa 5 katika kitu" ni x − 5, wala si 5 − x, hata kama 5 imetamkwa mwanzo. Wengi wetu swali tunalisoma kwa Kifaransa, tunalifikiri kwa Kiswahili au Kirundi, halafu tunaliandika kwa alama. Hizo ni tafsiri mbili, si moja, na kila moja ina mlango wa kupotelea.

Saa ni mfano mdogo wa hilo. Basi limetoka Bujumbura saa 12:40 asubuhi likafika Gitega saa 3:10. Ukitoa kama ilivyo utapata hasi. Ama ugeuze zote ziwe 6:40 na 9:10, ama uhesabu dakika 20 hadi saa moja kamili kisha saa mbili na dakika 10. Ni saa mbili na nusu. Na ukiandika katika mlinganyo, andika 2.5, si 2.30, kwa njia ya kilomita kama 100, mwendo wa wastani ni kilomita 40 kwa saa, na anayeijua milima ile atasema dereva amekwenda kwa adabu.

Nije sasa kwenye mtego ambao mimi naona ni mzito kuliko yote, kwani nimeuona ukigusa haki za watu. Familia moja niliyoijua iliuza nyumba ya marehemu baba yao. Nitabadili tarakimu ili wasitambulikane, lakini kisa ni hicho hicho. Fedha taslimu zilikuwa milioni 36. Warithi: mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti watatu, wawili kati yao bado wadogo. Wazazi wa marehemu walikuwa wamekwisha tangulia, gharama za mazishi zimelipwa, wasia hakuacha. Kwenye karatasi ya orodha ya mali mtu aliandika mstari huu: "Deni la baba: milioni 4."

Aliyepiga hesabu alikuwa mtu mwema na mwenye haraka. Anajua kwamba deni hulipwa kabla ya mirathi, basi akatoa 4 katika 36, zikabaki 32. Mama thumuni yake milioni 4, zikabaki 28. Kijana milioni 11.2, kila binti milioni 5.6. Na zile milioni 4 zikawekwa kando zikisubiri mwenye kudai. Mwezi ukapita, hakuja mtu. Ndipo wakatuita, mimi na mwenzangu anayesoma sharia, tuitazame karatasi.

Sikugusa kalamu kwanza. Nilimwomba mama atusimulie hilo deni. Akasema, "Ni zile fedha mzee alizomkopesha kijana afungue duka." Kumbe "deni la baba" si deni alilodaiwa baba, ni deni alilodai. Kiswahili kinaruhusu maana zote mbili kwa maneno yale yale matatu. Katika mlinganyo, maana moja ni 36 − 4 na nyingine ni 36 + 4. Hakuna kanuni ya aljebra itakayokuambia ipi ni ipi. Lazima umuulize mwenye habari.

Tukaandika upya. Kitu ni fungu la binti mmoja. Kijana ana kitu mara mbili. Mali yote ni 36 taslimu na 4 zilizoko mikononi mwa kijana, jumla 40. Mama ana thumuni ya 40, nayo ni 5. Basi:

5 + 2x + 3x = 40

5x = 35, x = 7. Kila binti milioni 7, kijana milioni 14, lakini 4 kati ya hizo amekwisha zipokea, basi anachukua taslimu 10. Hakiki: 5 na 21 na 10 ni 36, taslimu zimetosha bila kubaki hata senti. Kwa hesabu ya mwanzo kila binti alikuwa anapoteza milioni 1.4, mama milioni 1, na hakuna aliyekusudia dhuluma. Kijana mwenyewe, Allah amlipe kheri, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema turekebishe. Nasisitiza kwamba nani anarithi na fungu gani ni suala la masheikh na vitabu vya faraidhi, na ayati za Suratun-Nisaa zipo. Mwanafunzi wa hesabu asijifanye mufti. Kazi yetu inaanzia pale hukumu imekwisha kutajwa.

Katika kisa hicho fungu la kijana lilikuwa kubwa kuliko deni lake, kwa hiyo kukata kulikuwa rahisi. Je, deni likizidi fungu? Swali hili al-Khwarizmi analo, na mimi nalipenda kuliko mengine yote ya mlango wake. Mtu amekufa akaacha watoto wawili wa kiume. Ameacha dirhamu 10 taslimu, na dirhamu nyingine 10 anamdai mmoja wa watoto hao. Ameusia theluthi ya mali yake kwa mtu wa nje.

Wanafunzi wengi hujibu upesi: mali ni 20, theluthi ni 6 na theluthi mbili, kila mmoja wa hao watatu anapata kiasi hicho. Jibu hilo ni sahihi iwapo mdaiwa ana uwezo wa kulipa. Lakini yeye anadaiwa 10 na fungu lake ni 6 na theluthi mbili tu, basi angelazimika kutoa mfukoni dirhamu 3 na theluthi. Kama hana kitu, zitatoka wapi? Taslimu zipo 10 tu, na wawili waliobaki wakidai 6 na theluthi mbili kila mmoja, zinahitajika 13 na theluthi.

Kwa asiye na uwezo, kinachoweza kupatikana kutoka kwenye deni ni kile tu kinachokatwa na fungu lake mwenyewe. Kiasi hicho ndicho kitu. Basi mali iliyopo sasa ni 10 na kitu. Toa theluthi ya wasia. Zilizobaki ni theluthi mbili, zinagawanywa kwa ndugu wawili, kila mmoja theluthi moja ya 10 na kitu. Na fungu la mdaiwa ndilo lile lile tuliloliita kitu. Kwa hiyo:

x = (10 + x) ÷ 3

3x = 10 + x. Hapa inakuja al-muqabala, kukabilisha: pande zote mbili kuna x, zinakabiliana na moja inaondoka kila upande. 2x = 10, x = 5. Mwenye wasia anapata 5 taslimu, ndugu mwingine 5 taslimu, na mdaiwa fungu lake la 5 limekata nusu ya deni. Zile 5 zilizosalia zinabaki kuwa dai la mirathi.

Ona kwamba kitu kimetokea pande zote mbili: huwezi kujua fungu bila kujua mali, wala mali bila kujua fungu. Hapo kukisia na kujaribu namba kunachosha, na mlinganyo unafanya kazi ambayo kichwa peke yake hakiwezi. Ona pia kwamba habari iliyobadilisha jibu kutoka 6 na theluthi mbili hadi 5 haikuwa namba. Ilikuwa ni hali ya mtu: anacho au hana.

Mtego mmoja wa mwisho, nao ni wa asilimia. Mfanyabiashara ametoa zaka ya asilimia 2.5 ya fedha zake, zikabaki 7,800,000. Alitoa kiasi gani? Wengi huchukua asilimia 2.5 ya 7,800,000 wakapata 195,000. Swali la kujiuliza ni: asilimia ya nini? Zaka ilitolewa katika fedha za mwanzo, si zilizobaki. Kitu ni fedha za mwanzo. Kitu kasoro sehemu moja ya arobaini ya kitu ni 7,800,000. Yaani sehemu 39 kati ya 40 ni 7,800,000, sehemu moja ni 200,000, na hiyo ndiyo zaka. Fedha za mwanzo zilikuwa 8,000,000.

Fumbo la kufanyia mazoezi: Mama amefariki, hana deni wala wazazi walio hai. Ameacha mume, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na ameusia humusi, yaani sehemu moja ya tano, ya mali yake kwa ajili ya msikiti. Baada ya wasia kutolewa na mirathi kugawanywa, binti amepata faranga 3,000,000. Mali yote ilikuwa kiasi gani, na mume amepata ngapi? Mume penye watoto ana robo, na mtoto wa kiume ana fungu la mabinti wawili. Andikeni kwanza masimulizi ya "kitu" kwa Kiswahili, mistari mitano au sita, ndipo mlinganyo ufuate. Karatasi yenye x peke yake bila masimulizi sitaisahihisha. Nipo msikitini kila Jumatano baada ya Alasiri, dada zetu nao wanaweza kuzikusanya kwa amira wao akaniletea.

Wabillahi tawfiiq.